Ombi la Kubadilishiwa Babu

Wilfred A. Peba,
Mwenyekiti (kwa sasa), Umoja wa Wenyeji Asilia,
Buzebazeba, Kigoma.
9 Machi 2024

Kumb. Na. UWA/MAL/141

Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari Kilimaziwa,
Kigoma.

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MRADI BINAFSI WA MWANAFUNZI SCOLA WILFRED WA KIDATO CHA SITA, NA OMBI LA KUBADILISHIWA BABU

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wako, na kwamba paa la bwalo lililoezuliwa na upepo wa Januari limekwisha kurudishwa. Mimi ni mzima pia, isipokuwa kwa haya nitakayoyaeleza.

Naomba kwanza ifahamike kuwa mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Nilikuwa karani wa mizigo bandarini kwa miaka ishirini na sita, na tangu nianze kazi mpaka leo nimeandika barua za malalamiko mia moja na arobaini tu, zote zikiwa na kumbukumbu namba. Hii ni ya mia moja arobaini na moja. Nina umri wa miaka sitini na nne, mke mmoja, Mwanvua, binti wa Ujiji, na watoto wanne. Scola ndiye kitindamimba.

Mwezi wa tisa mwaka jana Mwalimu Jeremia wa Historia aliwatangazia vijana wa kidato cha sita kwamba kila mmoja achague kitu anachokipenda kwa moyo wake, akifanyie kazi peke yake kwa miezi mitano, kisha akionyeshe mbele ya wazazi. Kutokana na tangazo hilo nimepata madhara, na nayaorodhesha kama ifuatavyo.

1. Kwamba mwanafunzi aliulizwa anapenda nini.

Sisi hatukuulizwa. Nilipokuwa darasa la sita nilipenda kuchora injini za treni. Mwalimu wetu alizikuta nyuma ya daftari la hesabu, akanichapa fimbo nne, na sijachora tena mpaka leo. Nimekuwa mtu wa maana.

Nakiri wapo vijana waliochagua vizuri. Shadia wa Mwanga alichagua mikate, akajenga tanuri la udongo nyuma ya jiko la shule. Iradukunda alichagua nyuki. Hayo sina neno nayo. Mkate haumuulizi mtu babu yake alitoka wapi, na nyuki hata akikuuma hakuandiki kwenye daftari. Scola nilimshauri achague kuku wa kisasa, na mbao za banda nilikuwa nimeshazitafuta. Alinijibu kwa adabu kwamba anachopenda yeye ni kuwasikiliza wazee.

Hilo ni kweli, na ni kasoro ya siku nyingi. Akiwa na miaka sita tulimpeleka matangani, watoto wenzake wakacheza nyuma ya nyumba, yeye akaketi katikati ya mabibi akiwatazama midomo mpaka akalala mapajani mwa mmoja wao. Nilidhani yatapita kama mafua. Shule, badala ya kuyatibu, imeyapa alama.

2. Kwamba alianzia kwa jirani yangu.

Maktaba ipo. Scola hakwenda maktaba. Alivuka ua wa minyaa akaenda kwa Bibi Nizigiyimana, bibi yake Lyse anayesoma naye.

Hapa inabidi nieleze hali ya mtaa. Bibi Nizigiyimana anauza mawese kwenye benchi lililo kando ya bomba la maji. Alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa msichana wa miaka kumi na minne, na benchi hilo amelikalia miaka thelathini. Miaka thelathini si hoja. Hata nguzo ya umeme inaweza kusimama mahali miaka thelathini na isiwe mwanachama. Mimi na wenzangu kumi tuliunda Umoja wa Wenyeji Asilia ili nafasi za mbele za mtaa, kama vile kando ya bomba, zibaki kwa wenyeji. Katiba niliiandika mwenyewe. Kifungu cha nne kinasema: "Mwenyeji asilia ni mtu ambaye babu yake alizaliwa hapa." Mwezi wa nane tulipeleka barua kwa viongozi wa mtaa tukiomba benchi la Bibi lihamishiwe nyuma, karibu na mtaro, na tukapangiwa kusikilizwa tarehe 4 Machi.

Katika mazingira hayo ya kisheria, binti yangu alikuwa kila jioni amekaa kwenye benchi hilohilo, na kalamu. Alikuwa akirudi nyumbani ananuka mawese na kumwitikia mama yake "ego" badala ya "ndiyo." Baada ya wiki mbili Mwanvua naye akawa ananiitikia hivyohivyo.

Jambo moja aliloambiwa huko ndilo lililoleta yote. Bibi alimsimulia kwamba kwao Burundi, mtoto akitumwa dukani akakawia, huambiwa amekuwa kama Ntirampeba aliyefuata chumvi. Scola akauliza huyo ni nani. Bibi akasema alikuwa mdogo wake babu yao, kijana aliyetumwa na watu wa kilima chao kwenda Uvinza kuleta chumvi, zamani sana, na hakurudi. Nyumba ile ilimngoja mpaka ikachoka, ikamgeuza methali. Scola akaandika.

3. Kwamba kifaa kilichotumika ni simu yangu.

Ilichukuliwa kwa idhini ya mama yake wakati nimelala mchana. Sasa imejaa sauti za wazee wakikohoa. Picha ya kikao cha Umoja iligoma kuingia kwa kukosa nafasi.

4. Kwamba alikwenda Simbo.

Simbo anaishi shangazi yangu, Rozalia, dada wa marehemu baba yangu, mwenye miaka themanini na minane. Sikuwa nimemtembelea kwa miaka kumi na miwili kwa sababu ya majukumu. Scola alikwenda mara tano kati ya mwezi wa kumi na Krismasi. Alimchotea maji, akamsuka nywele, akamwekea simu mapajani, na Shangazi, ambaye sisi wote tuliamini amesahau kila kitu, akazungumza kwa muda wa saa nne.

Kumbe hakuwa amesahau. Alikuwa hajaulizwa. Alisema baba yake, yaani babu yangu, hakuwa mtu wa Simbo. Alikuja kama mchukuzi wa chumvi ya Uvinza, akapata kibarua, akaoa, akabaki. Alikuwa na wimbo aliouimba akipalilia mihogo, na Shangazi akauimba ubeti wa kwanza, ubeti wa pili ukampotea. Mwishoni Scola akamuuliza jina la baba yake kamili. Shangazi akalitaja.

Binti yangu angeweza kuzima simu hapo. Hakuzima.

5. Kwamba mambo hayo yalisomwa hadharani.

Mwaliko wa maonyesho ya Jumamosi, tarehe 2 Machi, uliandikwa kwamba mada ya Scola ni "Wenyeji wa Mtaa Wetu." Mtu yeyote mwenye akili angeelewa kama nilivyoelewa. Niliwaarifu wajumbe wa Umoja wote, tukafika saba, makoti yamepigwa pasi, tukaomba wazazi waliokaa mstari wa mbele watupishe. Mfukoni nilikuwa na hotuba ya shukrani ya kurasa mbili.

Scola alitundika shuka ukutani. Lilikuwa shuka letu la harusi, lililotolewa na Mwanvua bila kikao. Katikati alikuwa amechora mtaa kwa mkaa, nyumba kwa nyumba, na kutoka kila nyumba ulitoka uzi mwekundu kuelekea walikotoka wazee wa nyumba ile. Aliongea polepole, na sauti yake, sijui kwa nini sikuwahi kuitambua, ni sauti ya marehemu mama yangu.

Uzi wa kwanza, wa mjumbe wangu wa ulinzi, ulikwenda Urambo. Wa pili ulifuata reli hadi Tabora. Wa tatu, wa mtunza katiba, ulivuka ziwa ukaingia Kongo. Uzi wa Mwanvua ulikwenda Umanyema na yeye mwenyewe akapiga makofi. Kufikia uzi wa sita wajumbe wangu walianza kutazama saa. Mmoja hana saa, alitazama mkono.

Wa mwisho ulikuwa wa nyumba yangu. Ulitoka Buzebazeba ukaenda Simbo, ukaenda Uvinza, ukarudi ziwani, ukapanda na pwani kuelekea kaskazini, ukapita mpaka, ukaishia kwenye kilima kimoja juu ya Rumonge. Hapo palikuwa na msumari. Kwenye msumari huohuo ulikuwa umefungwa uzi wa nyumba ya Bibi Nizigiyimana.

Kisha Scola alisema maneno ambayo nayanukuu kama yalivyo: "Jina letu si Peba. Peba ni mkia wa jina. Jina letu ni Ntirampeba, maana yake Mungu hajanikatia tamaa. Baba alilifupisha ili litoshe kwenye muhuri."

Hilo la muhuri ni kweli, lakini halikupaswa kusemwa mbele ya watu mia mbili.

Mwalimu Jeremia alianza kufuta ubao ambao haukuwa na kitu. Ndipo Bibi Nizigiyimana akainuka kutoka mstari wa nyuma, na fimbo yake, akatembea mwendo wake ule wa taratibu mpaka mbele yangu, akanitazama usoni kama mtu anayekagua ndizi. Akageuka kuwatazama watu. "Kumbe ndiyo maana kichwa chake kigumu," alisema. "Ni cha kwetu."

Watu walicheka, na wajumbe wangu watatu wakiwemo. Bibi hakucheka. Alinishika mkono akaushikilia muda mrefu kuliko inavyohitajika katika salamu. Nilisikia joto machoni, ambalo nalihusisha na mabati ya ukumbi wenu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilitangulia hatua ishirini njia nzima, jioni nikala peke yangu, na asubuhi yake pia. Scola alinipelekea maji ya kuoga, akasimama mlangoni na taulo. Akauliza, "Baba, nimekosea wapi?"

Mheshimiwa, nilikwenda nikakichukua kitabu cha mradi wake, kurasa arobaini na nne, nikakisoma chote kwa kalamu nyekundu mkononi kama nilivyozoea kukagua orodha za mizigo. Nilimwambia hakukosea popote, na hilo ndilo kosa lake. Alilia. Mimi niliingia ndani kutafuta kumbukumbu namba.

6. Kwamba nilifikishwa kwenye kikao nikiwa katika hali hiyo.

Tarehe 4 Machi ilifika siku mbili baadaye. Nilikwenda peke yangu. Wajumbe walipata dharura. Bibi Nizigiyimana alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, na Lyse nyuma yake akimshikia kanga. Baadaye Lyse alimwambia Scola kuwa tangu barua yetu ipelekwe, bibi yake alikuwa amefungasha vyombo vyake mara mbili. Alivuka ziwa mara moja akiwa mtoto, amebebwa na hofu, na alidhani sasa ataambiwa asogee tena, akiwa mzee.

Niliombwa niisome barua. Niliisoma. Ina Kiswahili kizuri. Karani wa kikao, ambaye anajaza fomu kwa mpangilio na ninamheshimu kwa hilo, akauliza mlalamikiwa ni nani kwangu.

Swali hilo liko kwenye fomu zote. Nimelijaza mara nyingi kwa niaba ya wengine. Babu yake na babu yangu walinyonya ziwa moja. Kwa hesabu ya ukoo hakuna jibu jingine. Nilisema ni dada yangu. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini karani aliandika.

Shauri likafungwa, kwa kuwa kifungu cha tisa cha katiba yetu kinamkataza mwanachama kumshitaki ndugu yake wa damu. Kifungu hicho pia nilikiandika mimi. Benchi limebaki lilipo.

7. Kwamba sasa nina dada.

Bibi Nizigiyimana hapigi hodi tena. Yaani anapiga, lakini akiwa ameshafika jikoni. Kila asubuhi ananiletea mihogo ya kuchemsha na samaki wa migebuka walioungwa kwa mawese, anasimama mpaka nimalize. Ananiita "mwene wacu," ndugu yetu, mbele ya wateja. Amenikataza kunywa kahawa kabla ya kula. Aliona shati langu limekatika kifungo akanivua hapohapo barazani. Sijawahi kuwa na dada, na sikujua kuwa ni kazi ya muda wote.

Jumatano aliuliza mara ya mwisho nilimwona lini Shangazi Rozalia. Nikamweleza kuhusu majukumu. Saa moja baadaye nilikuwa kwenye bajaji kuelekea Simbo, nimebanwa katikati, yeye kushoto, Scola kulia, kidumu cha mawese miguuni. Shangazi haoni vizuri siku hizi. Alinipapasa uso kwa mikono yote miwili, akauliza huyu ni nani. Scola akamwambia ni Wilfred. Shangazi akasema Wilfred ni kijana, huyu ni mzee, na akaendelea kunishika. Kisha wakaanza kuzungumza, yeye kwa Kiha, Bibi kwa Kirundi, kila mmoja akimwelewa mwenzake, wakitajiana majina ya watu waliokufa na kuyaunganisha moja baada ya jingine. Mimi nilipewa kigoda na ungo wa maharage. Nilipukuchua mpaka alasiri.

Alhamisi niliagizwa, kama kaka, kuezeka kivuli juu ya benchi kabla masika hayajakolea. Nimeezeka. Misumari ilikuwa ya Umoja.

8. Kwamba Umoja umekufa.

Kwa kifungu cha nne, wanachama kumi kati ya kumi na mmoja wamepoteza sifa. Aliyesalia ni Bwana Castory, ambaye Scola hakumhoji kwa sababu alimfungia geti, na mpaka leo hajalifungua. Amejitangaza Mwenyekiti, Katibu na mkutano mkuu, na muhuri anao yeye. Juzi alinitumia barua ya kunivua uenyekiti pamoja na muhtasari wa kikao, unaoonyesha kwamba kulikuwa na mjadala mkali.

9. Kwamba jambo hili halina mwisho.

Leo ni babu yangu. Nimearifiwa kwamba kidato cha tano nao wameshaanza kuchagua, na kuna kijana anayependa samaki, anayetaka kuchunguza migebuka huzaliwa upande gani wa ziwa. Ikithibitika kwamba huzaliwa ng'ambo, itabidi tuwaite nini, na wapo sahanini kwetu tangu enzi? Mwingine anapenda upepo. Mwingine, Mungu atunusuru, anapenda katiba. Mtoto akishazoea kupenda kitu na kukifuata mpaka kilipoanzia, hakuna ofisi, ukoo wala kikao kitakachobaki kikiamini kilichokuwa kinaamini. Taifa linahitaji watu wenye majibu, na hawa mnawafundisha maswali.

Mwisho kabisa, na hili ndilo zito kuliko yote, naweka wazi kwamba katika utafiti mzima mimi, mkuu wa kaya na mjukuu halali wa mhusika, sikushirikishwa.

Kwa hiyo basi, naomba yafuatayo:

(a) Mradi urudiwe kwa kutumia babu mwingine. Sichagui sana. Awe tu amezaliwa Buzebazeba, au Gungu, au popote panapofikika bila kuvuka mpaka.

(b) Ikiwa shule haina babu wa akiba, basi huyu aliyepo ahamishiwe kwenye maelezo ya chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo.

(c) Kuanzia mwaka huu wanafunzi wapewe orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kupendwa. Napendekeza mawe.

(d) Fomu ya ridhaa ya mzazi mliyoniletea, ya kumruhusu Scola kupeleka mradi wake kwenye maonyesho ya mkoa mwezi ujao, ichukuliwe kuwa imekataliwa. Mwalimu Jeremia ameniambia kwamba bila sahihi yangu Scola hataenda, na kwamba huo ndio mradi bora aliouona katika miaka kumi na tisa ya kufundisha. Nimemsikia. Sahihi yangu nimeitunza miaka arobaini, siwezi kuiweka chini ya jambo linaloniondolea cheo.

Najua uko katika maandalizi ya mitihani na kila dakika uliyotumia kusoma hapa imetoka kwa watoto wa watu. Nakushukuru kwa dakika hizo. Nifikishie salamu kwa makamu wako, kwa walimu wote, kwa mpishi, kwa mlinzi aliyenitafutia kiti chenye mto siku ile, kwa Shadia (mkate wake ulikuwa mzuri, ulipungua chumvi kidogo), na kwa Mwalimu Jeremia, ingawa yeye salamu fupi. Mwanvua anawasalimu. Bibi Nizigiyimana, ambaye wakati naandika amesimama nyuma ya kiti changu na sahani, naye anawasalimu.

Ni mimi, ninayesimama kwenye kila neno lililo hapo juu,

W. A. Peba
(Sahihi bila muhuri. Sababu imeelezwa katika namba 8.)

Nakala: Faili.

Nyongeza baada ya sahihi:

Kuna marekebisho katika kitabu cha mradi, ukurasa wa 31. Scola ameandika, kwa maelezo ya Shangazi, kwamba babu alikuja Uvinza, akapata kibarua, akabaki. Si hivyo. Shangazi hajui, alikuwa hajazaliwa, na babu hakupenda kulisema mbele ya wasichana wake. Alichukua chumvi yake vizuri, akaanza safari ya kurudi kwao kwa mtumbwi. Karibu na Kagunga ziwa lilichafuka, mtumbwi ukapinduka, chumvi ya kilima kizima ikayeyuka majini. Aliogelea mpaka ufukweni mikono mitupu. Aliona aibu kurudi kwa watu waliomtuma bila hata punje, akarudi Uvinza afanye kazi apate mzigo mwingine. Alipoupata, alikuwa na mke na mtoto mgonjwa. Kila mwaka alisema mwaka kesho. Alinieleza mimi, nikiwa na miaka saba, tukiwa tumekaa shambani Simbo, na aliponieleza alikuwa mzee na bado alitazama kaskazini. Naomba ukurasa usahihishwe na Bibi Nizigiyimana aonyeshwe, ajue kwamba hakuwasahau. Ningemwambia mwenyewe, lakini kila nikifungua mdomo ananipa muhogo.

Ubeti wa pili wa wimbo ninao. Ninaweza kufika shuleni Jumanne saa nne kuuimba ili urekodiwe. Naomba mlango ufungwe.

Fomu ya ridhaa nimeiambatanisha. Nimesaini penye mzazi.

Naomba pia alama za mtoto zisipunguzwe kwa kosa la ukurasa wa 31, kwa sababu si lake. Mwezi wa tisa, siku Mwalimu Jeremia aliyotangaza mradi, kabla hajaenda kwa jirani wala Simbo, Scola alikuja kwangu kwanza na daftari jipya akaniuliza babu yangu alikuwa nani. Nilimwambia nina kazi.

Sikuwa na kazi.